Nani Aliyeacha Makaa

Siku ya tatu baada ya moto, Boatemaa alisimama mbele ya mwuza chumvi katika soko la Lavikope, akasikia maneno yake mwenyewe yakitoka kwenye kinywa cha mtu mwingine.

"Dotse mwenyewe kasema," mwuza chumvi alikuwa anamwambia mteja huku akisawazisha kopo kwa kiganja. "Kasema e-kaacha makaa. Sasa unataka ushahidi gani tena? Kesho Agbeko anaapishwa mbele ya mungu wa radi. Na asipoapa, anafukuzwa kabla ya jua kuzama. Watoto wa Mzee Foli wameshasema hafiki barabarani."

"E?" Boatemaa akauliza. "Wanasema e?"

Mwuza chumvi akamtazama kama anatazama mtu mwenye homa. "Si wewe uliyesema, dada? Mbona unaniuliza mimi?"

Bakuli la chumvi likamponyoka. Mteja akacheka, akasema mtu huyu kafiwa na mikono. Boatemaa hakuinama kuokota. Alikuwa amesimama pale soko zima linapiga kelele, na yeye anasikia kitu kimoja tu: e, e, e.

Boatemaa si mtu wa Lavikope kwa kuzaliwa. Alizaliwa ng'ambo ya ziwa kubwa, kwa Watwi, akaja kwa Waewe miaka kumi na tisa iliyopita kwa kumfuata mshona viatu mmoja, Yaovi, mtu mpole mwenye sauti ya puani. Kazi yake ni kukaanga gari. Msomaji asicheke, si gari la magurudumu. Ni muhogo unaokunwa na mashine, ukakamuliwa maji chini ya mawe siku mbili, ukachekechwa, kisha ukakaangwa kwenye sinia pana la chuma mpaka uwe punje kavu zinazolia mdomoni. Mwenye kukaanga gari huchomwa na moshi mpaka machozi yanazoea, hayatoki tena. Boatemaa alikuwa na sinia lake, jiko lake na kigoda chake katika kibanda cha akina mama, mita chache tu kutoka mashine ya Agbeko, mwenye ufunguo wa kibanda.

Kiewe alikijua. Alibishana kwa Kiewe, aliota kwa Kiewe. Kilichomshinda kilikuwa kineno kimoja kidogo kuliko punje ya gari.

Sisi tukisema, "Kosi alisema ameondoka," nani ameondoka? Kosi, au mtu mwingine? Tunamwachia msikilizaji akisie. Waewe hawakisii. Kama aliyeondoka ni yule yule Kosi aliyesema, wanaweka ye, linasikika kama nusu ya yeye yetu. Kama aliyeondoka ni mtu mwingine, wanaweka e. Mtoto wa miaka mitatu hakosei. Lakini Kitwi cha kwao Boatemaa, katika jambo hili, ni kama Kiswahili: neno moja linamtosha kila mtu.

Mwaka wa kwanza wa ndoa, Yaovi alimtuma kwa mama yake. "Mwambie nitakuja kula jioni." Boatemaa akaenda mbio, akapiga magoti, akasema, "Mama, Yaovi anasema e-atakuja kula jioni." Mama mkwe, Bibi Dzatugbui, akaelewa kwamba anakuja mtu mwingine, mgeni. Akachinja jogoo. Akafagia uwanja mara mbili. Akaazima kiti chenye mgongo kwa jirani. Jioni akatokea Yaovi peke yake, anakuna tumbo.

"Mgeni yuko wapi?" mama akauliza.

"Mgeni gani?"

Lavikope ilicheka mwezi mzima. Watoto wakampa jina, Mama E, wakawa wanampigia kelele njiani: "Mama E, Yaovi kasema nani kajamba?" Naye alicheka nao, kisha usiku akajifunza. Akawa anaweka ye kwa uangalifu, kama mtu anayevuka mfereji na ndoo kichwani. Akitulia, neno lilikuja. Akishtuka, akiogopa, Kitwi kilipanda kutoka tumboni na e ikatoka yenyewe. Baada ya Yaovi kufa kwa tumbo, miaka minne iliyopita, watu waliacha kumwita lile jina. Mjane hachekwi.

Sasa moto.

Ilikuwa siku ya soko kubwa, mchana, upepo ule mkavu wa vumbi unapiga kutoka kaskazini mpaka midomo inapasuka. Boatemaa hakwenda kibandani. Binti yake, Enam, alikuwa anaharisha, naye alikuwa nyumbani anamchemshia maji. Dotse, mdogo wake marehemu Yaovi, akaingia uani anakimbia. Mikono myeusi. Nywele zina harufu ya manyoya yaliyoungua. Akaanguka miguuni pake.

"Shemeji, nimekwisha. Niliwasha makaa kwenye jiko lako kule kibandani, nikaushe nyama ya ndezi wangu. Nikatoka kidogo tu, nikanywe moja. Shemeji, nilisahau. Paa limeshika. Na Mzee Foli alikuwa amelala kule nyuma."

Kisha akaruka ukuta wa nyuma.

Kabla Boatemaa hajasimama, wanawake watano waliingia kwa mlango wa mbele, wanalia, vitambaa vimeanguka vichwani. "Kibanda kinaungua! Foli yumo ndani! Nani kaacha moto? Mwenye ufunguo ni Agbeko, yuko wapi Agbeko?"

Naye, kwa mshtuko, akaonyesha ukuta wa nyuma na kusema, "Dotse kasema e-kaacha makaa!"

Alikusudia Dotse. Moyoni mwake hapakuwa na mtu mwingine. Lakini wao walikuwa wametoka kumtaja Agbeko sasa hivi, na e haiwezi kumshika Dotse, kwa sababu Dotse ndiye aliyesema. Basi walisikia hivi: Dotse kamwona Agbeko. Wakageuka, wakaondoka mbio na habari hiyo, na kutoka kwao ikaenda kwenye vinywa vya watu waliozaliwa na Kiewe, ambao hawakosei. Mpaka jioni ilikuwa imara kama ukuta wa saruji.

Mzee Foli walimtoa ameungua, wakamzika kesho yake. Siku mbili za kilio, watu walikuwa wanamshika Boatemaa bega na kumwambia, "Ulisema kweli, dada, Mungu akutunze." Naye aliitikia kwa kichwa. Alishangaa kidogo kwa nini hakuna anayekuja kumkamata Dotse. Akajiambia labda chifu anangoja matanga yaishe. Mpaka siku ya tatu, kwa mwuza chumvi.

Alirudi nyumbani kwa njia ya nyuma ili asipite mbele ya nyumba ya Agbeko. Dotse alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, anapiga mswaki wa mti, uso umepumzika kama wa mtu aliyeamka vizuri.

"Shemeji," Boatemaa akasema kwa sauti ya chini. "Watu wamenielewa vibaya."

"Nani kakuelewa vibaya?"

"Wewe uliniambia ni wewe. Mimi nilitaka kusema ye."

Dotse akatema makapi ya mswaki. "Ulitaka. Lakini ulisema nini?"

Boatemaa akautazama ukuta ambao Dotse aliuruka siku ile.

"Mimi sikumtaja mtu. Walikuja hapa kuniuliza kama nilimwona Agbeko, nikawaambia mimi sitaki kesi, alichosikia mke wetu amesikia. Nimesema uongo gani?" Akacheka kidogo. Kisha kicheko kikaisha. "Sikiliza, shemeji. Kwenu mtoto ni wa mama. Kwetu mtoto ni wa baba. Ukitoka katika nyumba hii unatoka na mkeka wako tu. Enam anabaki. Umenielewa, au hapo nako nimekosea neno?"

Enam alikuwa kizingitini anakula akple ya jana, ugali wa Waewe, kwa vidole. Boatemaa akaenda kukaa kizingitini, kati ya Dotse na mtoto.

Bibi Dzatugbui alikuwa jikoni. Mlango ulikuwa wazi. Aliendelea kukata bamia, polepole, kila kipande sawa na mwenzake.

Siku hiyo Boatemaa hakula. Alikaa na kujaribu neno. Ye-kaacha. Ye-kaacha. Lilikuja bila taabu, kama maji. Lakini kila alipowaza uwanja wa chifu, wanaume wamejaa, watoto wa Foli wamekaa mbele na mapanga yao ya shambani, ilirudi e. Akafikiri: nikinyamaza, labda Agbeko ataapa tu. Hana kosa, radi haitampiga. Mambo yataisha.

Lakini asubuhi alimwona Agbeko anapelekwa. Vijana wanne, wawili kila upande. Agbeko ni mtu mfupi, mkimya, masikio yamekuwa mazito kwa mlio wa mashine. Mke wake alikuwa anamfuata nyuma akimwambia, "Apa, Agbeko! Apa tu, yaishe!" Naye akajibu kwa sauti ya juu, kama viziwi wanavyosema, "Siwezi! Kufuli lilikuwa bovu wiki nzima, nikalitundika tu kama limefungwa. Nitaapaje kwamba mkono wangu haumo kabisa? Nitakufa kabla sijafika nyumbani!"

Hapo Boatemaa akajua Agbeko hataapa. Akajifunga kitambaa kiunoni, akamwambia Enam asitoke chumbani, akaenda.

Uwanja wa chifu ulikuwa umejaa mpaka kwenye ukuta. Chifu, Togbui Agbovi, alikuwa kwenye kiti chake, kimya. Chifu hasemeshwi moja kwa moja. Maneno yote yanapita kwa msemaji wake, Hotor, mtu mrefu mwenye fimbo yenye kichwa cha kuchonga. Yeye huyapokea, huyageuza yawe mazuri, na kumpa chifu. Ndivyo ilivyo, na anayevunja hilo anatoa kondoo.

Fimbo ya kiapo ilikuwa tayari chini, imefungwa majani. Agbeko aliitazama kama mtu anayetazama nyoka.

"Nina neno," Boatemaa akasema. Hakuna aliyesikia. Akasema tena. Mtu akamsukuma mbele.

"Sema, mama wa Enam," Hotor akamwambia.

Alivua kandambili. Alipiga magoti. Alimwona Dotse amekaa upande wa ukoo, mikono kwenye magoti. Nyuma yake, katikati ya wanawake, Bibi Dzatugbui. Boatemaa akavuta pumzi, akafungua mdomo, na sauti ikatoka:

"Dotse alisema e-aliacha—"

"Tumeshasikia hilo!" kijana mmoja wa Foli akapiga kelele. "Tangu siku ya moto tumelisikia!"

"Hapana! Hapana, subirini." Jasho lilikuwa linamwingia machoni. Kucha zake zilikuwa zimezama kwenye mapaja. "Ye! Ye! Dotse alisema ye-aliacha makaa!"

Mtu akanong'ona, "Mama E," na mwingine akamzaba kofi la mgongo anyamaze. Hotor akalipokea neno. Kisha akageuka kwa chifu, kama kazi yake inavyomtaka, akasema kwa sauti yake nzuri:

"Togbui, Boatemaa anasema Dotse alisema ye-aliacha makaa."

Na hapo neno likageuka na kuuma. Kwa sababu ye ni yule aliyesema. Lakini sasa waliosema walikuwa wawili. Dotse alisema, na Boatemaa anasema. Ye ilikuwa inaweza kumshika yeyote kati yao.

Dotse alikuwa wa kwanza kuliona. Akaruka kama kaungua.

"Mmesikia! Mmesikia wenyewe! Kakiri! Ndiyo, mimi nilisema ni yeye, Boatemaa! Lile jiko ni la nani? Si lake? Nilimfichia siri kwa heshima ya marehemu kaka yangu, nikabeba mzigo moyoni, mpaka wakamshika Agbeko wa watu. Sasa basi! Kasema mwenyewe!"

"Ni jiko lake kweli," mwanamke mmoja akasema.

"Siku ile hakuja kazini. Kwa nini hakuja?"

Watoto wa Foli walikuwa wamesimama. Hawakumtazama Agbeko tena. Mmoja wao, mwenye kovu shingoni, alikuwa hatua tatu tu kutoka pale alipopiga magoti Boatemaa, na Boatemaa aliona jinsi vidole vyake vya miguu vilivyojikunja kwenye mchanga. Alitaka kusema siyo mimi. Lakini kwa neno gani? Akisema e, ni Agbeko. Akisema ye, Hotor ataligeuza tena na litamwangukia yeye. Milango yote miwili ilikuwa imefungwa, na yeye yuko katikati.

Basi akaacha kusema Dotse alisema.

Akasimama. Akampita Hotor, akaenda mpaka mbele ya kiti cha chifu, mahali ambapo hakuna mwanamke aliyewahi kusimama. Akaanguka miguuni pa Togbui Agbovi kama Dotse alivyoanguka miguuni pake, akamshika ukingo wa nguo, na akafungua kinywa. Iliyotoka haikuwa sauti yake. Ilikuwa sauti ya mwanamume anayelia kamasi.

"Shemeji, nimekwisha! Mimi! Niliwasha makaa kwenye jiko lako, nikaushe nyama ya ndezi wangu. Nikatoka kidogo tu, nikanywe moja. Shemeji, nilisahau. Paa limeshika. Na Mzee Foli alikuwa amelala kule nyuma!"

Kijana mmoja alianza kucheka, kwa sababu ilikuwa ni Dotse mtupu, mpaka ile "moja" yake ya kuvuta. Kicheko kikamfia mdomoni.

Hotor aliinua fimbo yake. Hakujua afanye nini. Neno halijapita kwake, na sasa ilimbidi alirudie. "Togbui," akaanza, "Boatemaa anasema—"

"Hotor."

Ilikuwa sauti ya Bibi Dzatugbui. Alikuwa amesimama, amemshika mwanamke wa jirani begani.

"Usirudie," akasema. "Huyo hakuwa Boatemaa. Huyo ni Dotse. Nimemzaa mimi, namjua anavyolia."

"Mama!" Dotse akasema.

"Nyamaza."

Togbui Agbovi akainama, akatoa ukingo wa nguo yake taratibu kwenye mikono ya Boatemaa, akaonyesha kidole kwanza kwenye fimbo ya kiapo, kisha kwa Dotse. Vijana wakampelekea. Dotse aliitazama. Akanyoosha mkono, akaurudisha. Akanyoosha tena, vidole vikafika karibu na majani, vikaishia hapo. Akaiweka mikono yote miwili kwapani kama mtu anayesikia baridi, akakaa chini kwenye mchanga.

Hakuna aliyehitaji ye wala e.

Wazee wawili waliamriwa wamsindikize Dotse mpaka mpakani kabla ya jua kuzama, mmoja mbele, mmoja nyuma, ili watoto wa Foli wasimguse. Boatemaa akatozwa kondoo kwa kumshika chifu. Agbeko aliachiliwa. Alikaa pale pale alipokuwa amekaa, anauliza watu walio karibu naye kwa sauti kubwa, "Wamesema nini? Wamesema nini?" mpaka mke wake akamwinua kwa mkono kama mtoto.

Boatemaa alirudi nyumbani nyuma ya mama mkwe wake, hatua kumi nyuma. Hakuthubutu kumkaribia wala kubaki mbali zaidi. Alikuwa anafikiria mkeka wake, na Enam, na kama angeweza kumbeba mgongoni mpaka kituo cha magari kabla watu wa ukoo hawajakusanyika. Mtoto wa miaka kumi ni mzito.

Uani, Bibi Dzatugbui alivuta kigoda, akakaa mbele ya rundo la kuni. Hakumwambia aingie wala atoke. Boatemaa akasimama.

"Ungeweza kunyamaza," bibi akasema mwishowe.

"Ningeweza, Mama."

"Mimi ningenyamaza. Nilisikia siku ile ile. Nilikuwa nyuma ya mlango." Akaokota kuni moja, akaiweka kulia kwake. Akaokota nyingine, akaiweka kushoto. "Ningenyamaza mpaka wamzike Agbeko, na ningekwenda kulia matangani kwake."

Aliendelea hivyo, moja kulia, moja kushoto, bila haraka, mpaka rundo likawa mafungu mawili. Hapo Boatemaa akaelewa. Kuanzia leo kila mtu na jiko lake. Hafukuzwi. Lakini hatakula tena kutoka chungu kimoja na mwanamke huyu.

"Enam?" akauliza.

"Enam atakula atakapoona njaa. Kwako au kwangu." Bibi akasukuma fungu la kushoto kwa mguu. "Chukua zako."

Boatemaa alibeba kuni mpaka upande wake wa ua, akaweka mawe matatu, akawasha. Enam alikuja akakaa karibu naye bila kuuliza kitu. Ng'ambo ya ua, bibi naye alikuwa anapuliza moto wake, uso umeinama, haonekani kama analia au ni moshi. Walipomaliza kula, Boatemaa hakuondoka. Alichukua kijiti, akachambua makaa moja moja, akaliponda kila moja kwenye majivu na kulimwagia maji, kisha akaweka kiganja juu yake kuona kama limepoa.

"Mama, yamezimika," Enam akasema.

"Bado moja," akasema, akaendelea kutafuta.